Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: Kifua kikuu kisichokohoa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Kwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma,
Kwa waganga wakuu wa mikoa na waganga wafawidhi wa hospitali zote zenye chumba cha upasuaji.

Shikamooni wakubwa zangu,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, upande wa wanaume, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Siandiki kuhusu mshahara wala posho ya zamu. Hayo yana barua zake, na wa kuyasemea wapo. Naandika kwa sababu ya bahasha ya kaki iliyofika wodini Jumanne moja saa nne asubuhi, nikiwa nagawa dawa. Kijana wa maabara aliiweka juu ya toroli, akanipa daftari nisaini, akaenda zake. Ndani mlikuwa na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye utumbo wa mgonjwa wetu na kupelekwa mbali kusomwa. Majibu yalisema kifua kikuu. Mwenye utumbo alikuwa na wiki tano kaburini.

Kwenye daftari la vifo tulishamwandika: utumbo kutoboka. Si uongo. Ni kama kusema mtu aliyegongwa na lori kafa kwa kutokwa na damu.

Hospitali yenyewe siitaji, na sikuja kumchongea mtu, maana usiku aliokufa zamu ilikuwa yangu. Alikuwa na miaka 26, akiuza dagaa mnadani. Alikuja na mama yake, na mama alikuja na mfuko wa nailoni, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019, umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa kitambaa cha kanga. Humo ndimo alimotunza ugonjwa wote wa mwanawe: madaftari mawili ya matibabu, vikaratasi vya maabara, picha ya altrasaundi iliyofifia, risiti. Baada ya mazishi hakuwa na la kusema tena, akaniachia madaftari. Nimeyasoma usiku mwingi kuliko ilivyofaa.

Agosti, zahanati: tumbo linauma, dawa ya minyoo. Septemba, kituo cha afya: kipimo cha Widal, taifodi, vidonge vya siku kumi. Oktoba, Widal tena, na safari hii mwandishi kaandika "taifodi sugu". Novemba, duka la dawa. Mwezi huohuo, vidonda vya tumbo, vidonge vya asidi. Desemba, altrasaundi: maji kidogo tumboni, matezi yamevimba, arudi baada ya wiki mbili. Alirudi, mashine ilikuwa mbovu. Januari hakuna kilichoandikwa, ila maandishi ya Januari niliyaona mwenyewe nilipomvua shati: chale mbichi pande zote za kitovu, zimepangwa mbili mbili. Mama alisema walikuwa wameambiwa ni chango, na baadaye kwamba kuna mkono wa mtu. Mwanzoni mwa Februari tumbo likajaa kama ngoma, akaacha kutoa hata hewa, akaanza kutapika vitu vyenye harufu ya choo. Ndipo akaletwa kwetu.

Nilihesabu. Mara saba kijana huyu alikaa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Uzito wake uliandikwa mara mbili tu: kilo 61 mwezi Agosti, kilo 49 mwezi Desemba, kwenye daftari lilelile, kurasa chache zimeachana, na hakuna aliyerudisha ukurasa nyuma kuzilinganisha. Katika mara zile saba, swali la kifua kikuu aliulizwa mara tatu. Swali lenyewe lilikuwa: unakohoa? Akajibu hapana, ikawekwa alama, akapita.

Wakubwa zangu, nikilazimishwa kuifupisha barua hii iwe sentensi moja, nitaandika hivi: mgonjwa huyu hakuchelewa, tulimchelewesha.

Nasema hivyo kwa sababu neno "alichelewa" ndilo tunalolitumia kila siku kujitakasa. Asubuhi kwenye kupokezana zamu utalisikia: amefariki, alikuja amechelewa. Daktari anaitikia, muuguzi anaitikia, na mimi nimeitikia mara nyingi. Hata tafiti zinaliorodhesha pamoja na umri na magonjwa mengine, kana kwamba kuchelewa ni kitu anachozaliwa nacho mtu.

Na tafiti tunazo za kwetu wenyewe, za nyumbani. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwafuatilia wagonjwa 256 wa TB ya tumbo kuanzia mwaka 2006 hadi mapema 2012, wakatoa matokeo mwaka 2013. Nawashukuru kwa kuhesabu, maana wengi hatuhesabu. Nusu ya wagonjwa wale walikuwa na miaka 28 au chini ya hapo. 127 walifika utumbo umeziba. 106 walifika tumbo zima limeshawaka kwa ndani. Yaani ukitoa wachache, karibu wote walifikia mlango wa dharura, na 212 walipasuliwa. Karibu 19 katika kila 100 walikufa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye miaka 65 kwenda juu, wenye ugonjwa mwingine mwilini, waliofika wamechelewa, wenye virusi vya UKIMWI na wale ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga ya mwili, zilishuka chini ya 200.

Itazameni orodha hiyo kwa jicho la mtu mwenye uwezo wa kuamuru. Umri siwezi kuwaomba mubadilishe. Lakini mengine yote yanapita mikononi mwetu kabla hayajafika thieta. Na msidhani hii ni habari ya watu wa CTC, kliniki za wenye virusi, peke yao: kati ya wale 256, wenye virusi hawakufika robo. Kijana wangu wa dagaa alipimwa, hakuwa navyo.

Jina lenyewe linatupoteza. Kifua kikuu. Unamwambiaje mama kwamba mwanawe ana kifua kikuu cha tumbo? Mtaani husema "TB ya tumbo" na hiyo ni afadhali, lakini wengi wetu, wenye vyeti na wasio navyo, tukisikia ugonjwa huu tunaona picha ya mzee amekunjamana, leso mdomoni. Kila tarehe 24 Machi tunavaa fulana zilizochorwa mapafu. Hiyo ndiyo tarehe ambayo Robert Koch, mwaka 1882, alitangaza kwamba amekipata kidudu chenyewe, na kidudu hicho hakijawahi kuahidi kukaa kifuani. Kinakaa kwenye tezi, uti wa mgongo, ubongo, figo, ngozi ya moyo. Na utumbo.

Utumboni hufika kwa njia kadhaa. Mwenye TB ya mapafu anameza makohozi yake mwenyewe. Au vidudu vinasafiri na damu vikitoka mahali vilipokuwa vimelala. Au ni maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye kifua kikuu cha ng'ombe. Watu wakisikia TB ya utumbo hukimbilia maziwa moja kwa moja, na ni kweli yachemsheni, lakini wagonjwa wengi hawakuipata huko; ni TB hiihii ya kila siku iliyoteremka chini.

Mahali inapopenda kukaa ni pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, upande wa kulia chini. Chakula hukaa hapo muda mrefu kidogo kabla ya kupita, na pana vitezi vingi ambavyo vidudu hivi huvipenda. Ni palepale penye kidole tumbo. Basi hapo ndipo mtego ulipo. Maumivu ya kulia chini, homa za jioni, mara kuhara mara choo kigumu, mwili kukonda: ukitaka kuiita kidole tumbo, itakubali. Ukitaka taifodi, itakubali. Amiba, saratani, itakubali zote. Ndani, ukuta wa utumbo unapata vidonda, unanenepa, unaviringa kovu, na njia inabana kama shingo ya kibuyu. Siku moja maharage hayapiti. Au kidonda kinatoboka, na kuanzia hapo tunahesabu saa.

Sitaki mnielewe vibaya. Tumbo la kila mtu si TB. Nimeona matumbo yaliyotobolewa na taifodi ya kweli, na hayo huja haraka, wiki mbili tatu za homa kali. Nimeona saratani ya tezi iliyofanana na TB hadi daktari bingwa akasita. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye tumbo la miezi, homa za jioni, jasho usiku na suruali inayofungwa kwa kamba, huyo anastahili kuulizwa swali hili mwezi wa kwanza, si na mpasuaji mwezi wa saba.

Nchi yetu si mshamba wa kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto imekuwa ikilaza wagonjwa hawa tangu 1926. Mpango wa taifa ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa daktari Karel Styblo pamoja na wenzetu ndiyo dunia iliyoiiga: dawa za uhakika, mgonjwa anasimamiwa, kila mtu anaandikwa kwenye rejista na mwisho wake unajulikana. Dawa ni bure hadi leo. Pale Morogoro tuna hata panya waliofundishwa kunusa TB. Lakini ona: wananusa makohozi. Rejista, mashine, mabango, maswali ya foleni, panya, vyote vimeelekezwa kwenye kikopo cha makohozi. Nina sababu ya kuheshimu kikopo hicho, kimeokoa wengi, na mwenye TB ya mapafu ndiye anayeambukiza wenzake. Ila takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zilionyesha kwamba 16 katika kila wagonjwa 100 walioandikwa duniani TB yao ilikuwa nje ya mapafu. Watu hao hawana cha kukohoa.

Sasa niwapeleke wodini, maana huko ndiko kifo kinakotokea na huko wageni wenu hawafikishwi wanapokuja kukagua.

Mgonjwa anaingia na utumbo ulioziba. Tunamweka dripu, mpira wa puani, mpira wa mkojo. Hali, hanywi. Hii ni siku ya kwanza ya kufunga juu ya miezi sita ya kutokula. Uzito? Mzani wetu wiki ile ulikuwa umeazimwa kliniki ya wajawazito, nikamkadiria kwa macho, na macho yangu yalisema kilo 43. Mwili wa namna hiyo hauna cha kushonea kidonda. Daktari anaweza kukata sehemu mbovu na kuunga vizuri kabisa, siku ya sita maungio yakaachia kwa sababu hakuna protini ya kuyashika. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Siku ya sita saa nane usiku bandeji ikabadilika rangi. Nikainusa kabla sijaiona.

Na dawa za TB? Hakuwa ameanzishwa, tulikuwa tunasubiri bahasha. Tungekuwa tumeamua kuanza, dawa zetu ni vidonge vya kumeza, na utumbo wake haukuwa unafanya kazi. Nilipopiga simu kitengo cha TB niliambiwa nipeleke makohozi. Makohozi! Nikajibu hana. Nikaambiwa basi asubirie majibu ya kinyama. Simlaumu aliyenijibu, karatasi yake ilimwambia hivyo. Tena hata kinyama kikipitishwa kwenye GeneXpert, ile mashine ya kusaka vidudu vya TB, vidudu vya utumboni huwa vichache mno, kwa hiyo jibu la "hakuna" halimaanishi hana. Utaratibu wa TB unaruhusu mgonjwa aanzishwe dawa kwa dalili na uamuzi wa daktari. Ruhusa hiyo haijawahi kushuka ngazi ikafika wodi ya upasuaji. Kule daktari kijana anaogopa kuandika "TB" bila karatasi kuliko anavyoogopa kidonda kuachia.

Gharama nazo nizitaje kwa haraka, maana mnazijua. Dawa za TB ni bure, lakini njia ya kuzifikia si bure. Altrasaundi, CT-Scan, kipimo cha kuingiza kamera, kusomewa kinyama, nauli ya kwenda mkoa wa pili: hivyo vyote mama yule alilipa au alishindwa kulipa. Alikuwa ameuza mbuzi watatu kabla hajatufikia. Sheria ya bima ya afya kwa wote tumeipata mwaka 2023. Itakuwa ajabu mtu mwenye makohozi apimwe bure na mwenye maji tumboni auze mbuzi, ilhali ugonjwa ni mmoja na kidudu ni kimoja.

Hata anayepona tunamtupa njiani. Matibabu ni miezi sita, dawa nne miezi miwili na mbili miezi minne, na kwa TB ya tumbo miezi hiyo sita inatosha. Lakini kovu linapopona hujikunja, na wapo wanaomeza dawa vizuri, wananenepa, kisha mwezi wa tatu au wa nne utumbo unaziba tena kwa sababu ya kupona kwenyewe. Asipoambiwa hilo siku ya kuruhusiwa atasema dawa zimemdhuru, ataziacha, atarudi kwa mwenye nyembe. Kule Bugando, baada ya miezi kumi na miwili, waliopatikana kwenye ufuatiliaji walikuwa 37.5 tu katika kila 100. Waliobaki wako wapi? Mgonjwa wa mapafu akikosa dozi, mhudumu wa jamii anapanda baiskeli kumtafuta. Wetu anaruhusiwa na kadi ya kutoa nyuzi.

Sasa ombi langu, na si la fedha nyingi kama mtakavyoambiwa na wasaidizi wenu.

Ongezeni tumbo kwenye yale maswali ya TB ya foleni. Swali moja: tumbo linakusumbua zaidi ya wiki mbili na unakonda? Na uzito uandikwe kila mtu anapoonwa, kwenye kona ileile ya daftari, ili hata mwanafunzi wa uuguzi aone 61 na 49 zikitazamana. Waganga wa tiba asili na wauza dawa mmeshawashirikisha kuwaelekeza hospitali wanaokohoa; waambieni na wanaoletewa chango lisiloisha. Wengine hawatasikia. Wachache wakisikia inatosha kuanzia.

Maji ya tumboni na kinyama cha mtu anayeshukiwa TB visilipiwe, na viwe na siku ya mwisho ya kujibiwa. Wiki mbili, tukishindwa tatu. Bahasha isifike baada ya arobaini kukaribia.

Mratibu wa Kifua Kikuu wa wilaya apite wodi ya upasuaji mara moja kwa wiki kama anavyopita wodi ya wagonjwa wa kawaida. Akae na mpasuaji, wazungumze mgonjwa kwa mgonjwa, na wakubaliane mapema nani anaanzishwa dawa kabla ya bahasha, zinapitaje kwenye mpira wa puani, nani ampe lishe, nani mwenye virusi aangaliwe kwa makini zaidi, maana kinga ya mwili wake ikianza kuamka kwa dawa za ARV, ugonjwa unaweza kuwaka upya. Sasa hivi watu hawa wawili wanafanya kazi jengo moja na hawana namba za simu za kila mmoja.

Na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Mama mjamzito akifa hospitalini, kesho yake tunaitwa. Tunakaa, tunafungua faili, tunaulizana saa kwa saa: alifika lini, nani alimwona, damu ilikuwepo? Vikao vile havipendezi. Nimewahi kulia kwenye kimoja. Lakini vimetufundisha kwamba kifo kina njia, na njia ina vituo. Fanyeni hivyohivyo kwa anayekufa wodi ya upasuaji na TB ya tumbo. Fungueni madaftari tangu Agosti, si tangu alipofika getini. Neno "alichelewa" lisiruhusiwe kikaoni mpaka lijibiwe: alicheleweshwa wapi, na nani, kwa siku ngapi?

Nilimpigia mama yule baada ya bahasha kufika. Nyumbani wanaishi saba, na hakuna aliyepimwa, kwa kuwa marehemu hakuwahi kusajiliwa popote kama mgonjwa wa TB. Nilimwambia awalete wote. Akaniuliza, "Nesi, kwani alikuwa anakohoa?" Nilichukua muda kumjibu. Walikuja sita, wa saba alikuwa ziwani.

Bahasha bado ninayo, droo ya pili ya meza ya wodi, chini ya boksi la glovu. Faili lake lilishafungwa na kupelekwa stoo ya kumbukumbu. Kitengo cha TB walisema hawana pa kumwandika mtu ambaye hakuanza dawa na hayupo. Daftari la vifo limeshajaa, tuko kwenye jipya. Kama kuna dirisha linalopokea bahasha za namna hii, naomba mnielekeze nami nitaipeleka mwenyewe, siku ambayo siko zamu.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya upasuaji wanaume
Kanda ya Ziwa